Kipepeo Anajua Aendako

Wazee wangu, shikamooni. Vijana, hamjambo?

Nianze na ukuta wa nyumba yangu. Siku moja, mvua zimekatika, niliona vipepeo weupe wenye mishipa ya kahawia, wale ambao wataalamu huwaita Belenois aurota, wakipita mmoja mmoja bila kukoma. Kipepeo akiufikia ukuta hauzunguki. Anapanda, anavuka bati, anashuka upande wa pili na kushika uelekeo uleule. Chai yangu ilipoa mkononi. Sikuona hata mmoja akigeuka. Viwavi wao walishamaliza majani walikotoka, basi wakubwa wanahama kutafuta machipukizi.

Yule mnayemzoea bustanini, anayeyumba kama mlevi, naye si mjinga. Ndege akimvamia, hamkuti pale alipomlenga. Mabawa ni makubwa mno kwa kiwiliwili kile, kwa hiyo pigo moja tu linamrusha kando. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lund, Sweden, walionyesha mwaka 2021 kwamba mabawa yakikutana mgongoni hujikunja kama viganja vya mpiga makofi. Hewa iliyobanwa inachomoka nyuma, yeye anasukumwa mbele.

Asubuhi ya baridi lakini hawezi kitu. Utamwona katandaza mabawa juani, au anatetemesha misuli ya kifua mpaka ipate moto. Wakati huo unamwokota kama jani. Watoto wanalijua hilo kuliko mimi.

Sasa safari yenyewe. Kipepeo aitwaye Vanessa cardui, wa rangi ya chungwa na ncha nyeusi zenye madoa meupe, tunaye hapa Afrika Mashariki. Wenzake huvuka Sahara mpaka kaskazini mwa Ulaya. Waingereza walidhani wakifika kwao wanafia huko, kwa sababu hawakuwaona wakirudi. Rada ndiyo iliyowafumania: walikuwa wakirudi mamia ya mita juu, wamedandia upepo unaovuma kuelekea kusini. Mwaka 2013 wengine walikutwa ufukweni French Guiana, Amerika Kusini, na utafiti wa 2024 ukaeleza kwamba walivuka Atlantiki kutoka Afrika Magharibi, kilomita 4,200 hivi, upepo ukiwabeba.

Ila anayerudi Afrika si yule aliyeondoka. Ni kitukuu au kilembwe, hajawahi kuiona Afrika, wazee wake wameshakufa njiani. Jua ndilo dira yake.

Haya, mama pale nyuma umenyoosha mkono muda mrefu. Karibu.