Pigo la Tisa: Pansori na Hip Hop

Wazee wangu shikamooni, na vijana, habari za jioni. Kabla sijasema lolote, naomba mikono yenu. Tuhesabu mpaka kumi na mbili, polepole, na tukifika tisa kila mtu apige kofi kwa nguvu. Haya. Tena.

Mmepiga jungmori, mojawapo ya midundo ya pansori, usimulizi wa kuimba wa Korea. Mwimbaji ni mmoja, amesimama na upepeo mkononi. Kando yake ameketi mpiga ngoma, huitwa gosu. Ngozi ya kushoto huipiga kwa kiganja, ya kulia kwa kijiti, na pigo la tisa likifika, kijiti hugonga juu ya mti wa ngoma wenyewe: tak! Wakorea husema, wa kwanza mpiga ngoma, wa pili ndiye mwimbaji bingwa.

Sasa hip hop huhesabu nne. Prodyuza mwenye haraka hukata sekunde mbili za nyuzi za gayageum, ala ya nyuzi ya Kikorea, akazirudiarudia juu ya biti yake, basi. Hapo jadi imekuwa pambo tu, na kwangu huo ni uonevu. Afadhali aanze na mdundo. Upo unaoitwa jajinmori: mapigo manne, kila pigo limegawika tatu. Mchanaji anayechana mistari yake kwa tatu-tatu huingia humo bila kupinda neno.

Tena pansori ina sehemu zisizoimbwa, aniri, ambapo kisa husemwa tu. Chukueni Sugungga. Ni ndugu wa kisa chetu cha kima na papa, ila huko kasa ndiye anayetumwa kumleta sungura, na kinachotakiwa si moyo, ni ini. Kasa ameogelea mbali mno, taya limekufa ganzi. Anataka kuita "To Saengwon", yaani Bwana Sungura. Mdomo unatoa "Ho Saengwon", Bwana Chui-milia. Na huyo mnyama anashuka mlimani kweli! Herufi moja imeteleza, kisa kizima kikageuka. Mchanaji gani hataki mstari kama huo? Mwaka 2020 bendi ya LEENALCHI iliuimba mkasa huohuo kwa magitaa mawili ya besi na drams, watu wakacheza. Si hip hop, lakini waliacha sauti za pansori zibaki na ukwaruzo wake, na hilo ndilo ninalolisifu.

Mwaka huohuo Suga wa BTS, kundi la muziki la Korea, kwa jina la Agust D, alitoa "Daechwita", jina la muziki wa misafara ya wafalme na majeshi ya Joseon, ufalme wa Korea ya zamani. Inayopaza sauti humo ni taepyeongso, ala ya kupuliza. Tayari mwaka 1993 kundi la Seo Taiji and Boys walikuwa wameiweka ndani ya wimbo wao "Hayeoga", kati ya rapu na gitaa la umeme. Ni zumari, ndugu zangu: hupulizwa kwa matete mawili, mdomo wa chini umepanuka kama tarumbeta. Aliyewahi kusikia zumari la ngoma za mwambao ataitambua kabla sijaitaja.

Nawapigia sasa wimbo wa 1993. Zumari likiingia, asiyeweza kukaa asimame, na mkisikia raha msinyamaze. Kwenye pansori msikilizaji huitikia katikati ya wimbo: "Eolssigu!"