Pikipiki ya Bingwa na Pikipiki ya Mnunuzi

Habari za mchana, ndugu mafundi, wanafunzi, na nyinyi wazazi mnaopeleka watoto kushindana Busika na Garuga. Tumo humu Waganda, Wakenya na Wakongo, kwa hiyo Kiswahili kitatutosha sote.

Leo tutaangalia maamuzi mabovu ya wahandisi wa pikipiki za motokrosi, yaani mbio za kwenye udongo wenye matuta na miruko. Walioyafanya ni watu wenye elimu kubwa, fedha na viwanja vya majaribio, na bado walikosea. Nikiyapanga makosa yao naona yanafanana: mhandisi alimtazama bingwa, au alitazama karatasi ya vipimo, akamsahau atakayeipanda na fundi atakayeifungua.

Mwaka 1971 Mbelgiji Roger De Coster alitwaa ubingwa wa dunia wa motokrosi, daraja la injini za 500cc, kwa Suzuki ya kiwandani, pikipiki nyepesi iliyoundwa kwa ajili ya timu. Mwaka huohuo Suzuki wakawauzia watu TM400. Kwa macho zilikuwa ndugu. Kumbe TM400 ilikuwa nzito, fremu yake ilinepa, na ignisheni yake ya kielektroniki ilibadilisha wakati wa cheche ghafla injini ikifika mzunguko fulani. Uko katikati ya kona, unafungua mafuta, hakuna kitu. Unaongeza kidogo, bado. Mara nguvu yote inakuja kwa mkupuo, gurudumu la nyuma linateleza, na wewe uko chini. Mafundi waliiponya kwa kubadilisha ignisheni na kuongeza uzito kwenye flaiwili, lile gurudumu zito linalozunguka na injini. Yaani mnunuzi alilipa mara mbili ili apate pikipiki inayopandika. Hilo mimi naliona kosa la uadilifu kabla halijawa la ufundi.

Mengine nitayapitia haraka. Yamaha walipoipoza YZ125 ya 1981 kwa maji, rejeta, yaani kipoza maji, waliifunga mbele ya usukani, nyuma ya bamba la namba, na maji yakapitishwa kwenye shingo ya fremu. Upepo iliupata vizuri, lakini uzito ulikaa juu na kuzunguka na usukani kila kona. Baadaye rejeta zikashushwa kwenye fremu, na hapo ndipo zilipo hadi leo. Honda nao, kwenye CR250R ya 1979, waliweka gurudumu la mbele la inchi 23 badala ya 21 ili livuke mashimo kwa urahisi. Wazo lenyewe lina mantiki. Lakini tairi za kulitosha zilikuwa chache hata huko ng'ambo. Sasa itafute hiyo Kisekka, soko letu la vipuri Kampala!

Hapa nataka tukae kidogo: CR250R ya 1997, pikipiki ya kwanza ya motokrosi kutoka kiwanda kikubwa kuja na fremu ya alumini yenye mihimili miwili. Wazo lilitoka kwenye pikipiki za mbio za lami. Kule fremu ngumu ni faida, kwa sababu barabara ni laini. Kwenye udongo, fremu yenyewe ni sehemu ya shokapu: inapaswa kunepa kidogo ili pigo lisifike lote mikononi. Ile ya Honda haikunepa. Wapanda pikipiki walilalamika kwamba mikono inakufa ganzi na gurudumu la mbele linarukaruka. Jeremy McGrath, aliyekuwa ametwaa ubingwa wa Supercross, motokrosi ya ndani ya uwanja, Marekani kwa Honda za fremu ya chuma kuanzia 1993 hadi 1996, aliondoka kabla ya msimu wa 1997. Alipotwaa tena ubingwa, 1998 hadi 2000, alikuwa juu ya Yamaha yenye fremu ya chuma.

Honda hawakuitupa alumini. Walitoa fremu mpya 2000, nyingine 2002, kila mara wakipunguza ule ugumu. Leo viwanda vyote vikubwa vya Kijapani vinatumia alumini kwenye pikipiki zao kubwa za motokrosi. Kwa hiyo msiseme kosa lilikuwa alumini. Kosa lilikuwa kudhani kwamba kadiri fremu inavyokuwa ngumu ndivyo inavyokuwa bora.

Sasa shokapu za mbele za hewa, maana hizi ziko mikononi mwenu. Zilipoingia kwenye pikipiki kubwa za Kijapani 2013, hoja ilikuwa nzuri: toa springi, punguza uzito, rekebisha ugumu kwa pampu. Kufikia 2015 zilikuwepo zenye vyumba vitatu vya hewa katika mguu mmoja, kila chumba na kipimo chake. Hewa ikipata joto, presha inapanda. Ili hewa isivuje, sili lazima zibane sana, na sili zikibana, shokapu inagoma kusogea kwenye matuta madogo. Honda walirudi kwenye springi 2017, Suzuki 2018, Kawasaki 2019. Yamaha hawakuwahi kuiacha springi. KTM bado wanatumia hewa, na wanaiweza, ila wana chumba kimoja tu cha kujaza.

Mzazi anayenunua pikipiki ya 2015 iliyotumika anaiona imesimama vizuri, kumbe ndani sili imekwisha, na mtoto akitua kutoka kwenye mruko mbele inazama yote. Hapa mezani nimeweka moja iliyofunguliwa, na pampu yake. Mafundi njooni mbele kwanza, mguse hii sili kwa kidole.