Nguo Miguuni pa Sauli

Wapendwa, Bwana asifiwe. Jioni hii naomba tutazame nguo. Matendo 7: Stefano anapigwa mawe nje ya mji, na wanaompiga wamevua mavazi yao, maana huwezi kurusha jiwe kwa nguvu ukiwa umejitanda joho. Mavazi hayo yamewekwa miguuni pa kijana aitwaye Sauli. Hatusomi kwamba alirusha jiwe. Nguo ziliwekwa kwake, naye akaona vema Stefano auawe.

Kijana huyu si mhuni. Amelelewa miguuni pa Gamalieli, na torati anaijua kuliko wengi wetu humu tunavyoijua Biblia. Hapo ndipo tukae kidogo. Tukihubiri ujinga wa kiroho, tunamfikiria jirani asiyekanyaga kanisani. Bwana Yesu alimwona mtu mwingine kabisa: "saa yaja atakapodhania kila mtu awauaye ya kuwa anamtolea Mungu ibada." Ibada, ndugu zangu! Na sababu anaitaja mstari unaofuata: hawakumjua Baba wala yeye. Baadaye Sauli, msomi yule yule, sasa akiitwa Paulo, anamwandikia Timotheo kwamba aliyatenda yale "kwa ujinga".

Nasi Wakristo tumewahi kulinda nguo. Mwaka 1536 huko Vilvoorde, Ubelgiji ya leo, William Tyndale alinyongwa, kisha mwili wake ukachomwa moto. Waliomhukumu walikuwa wamebatizwa. Yeye alikuwa ametafsiri Maandiko kwa Kiingereza ili hata kijana wa shamba ayasome. Mwaka 1539 Biblia ya Kiingereza ikatoka kwa idhini ya mfalme, na maneno mengi mle ndani ni ya Tyndale.

Hapa petu hatuchomi mtu. Lakini nikiwa kijana wa kwaya, mama mmoja alitengwa kwa kuwa binti yake aliolewa na Mwislamu. Alikaa benchi la mwisho, karibu na mlango, miezi na miezi. Siku za Meza ya Bwana tulipita mbele yake tukiimba, nami sikumtazama. Moyoni nilijua naitetea imani.

Anania, mwanafunzi wa Yesu huko Dameski, alitumwa kwa mtesaji wake, Sauli yule yule. Aliogopa, akamwambia Bwana mabaya yote aliyosikia juu ya mtu yule, kisha akaenda. Alipomwekea mikono, neno lake la kwanza lilikuwa "Ndugu".

Mwaka jana nilikwenda kwa yule mama kuomba radhi. Sasa ni mzee, macho hayaoni vizuri. Nilipojitaja mlangoni, alisogeza kigoda kwa mguu, akasema, "Karibu, mwanangu. Umekula?"