Ufunguo wa karakana uko kwa nani?

Haya, asanteni, tukae tuanze. Nimeombwa nizungumzie karakana za pamoja, hizi ambazo wenyewe wanaziita hakaspesi, wengine mekaspesi, wengine fablabu, na najua wengi mnategemea nianze na mashine, printa za 3D, leza za kukatia mbao, roboti na kadhalika. Mashine nitazigusa ila sitakaa huko sana, maana mimi nikisikia karakana mpya imefunguliwa swali langu huwa ni moja tu, ufunguo wa mlango uko kwa nani? Yaani saa tatu usiku mtu ana wazo kichwani na kipande cha bati mkononi, anaweza kuingia akafanya kazi, au lazima asubiri mkubwa fulani aje kesho amfungulie? Kwangu mimi hapo ndo karakana inapoishi au inapokufa, na leo nataka niwaonyeshe kwa nini nasema hivyo.

Tuanzie Ujerumani. Chaos Computer Club, klabu ya wapenzi wa kompyuta, ilianzishwa Berlin mwaka 1981, kipindi ambacho kompyuta ilikuwa kitu cha mabenki na mashirika makubwa, mtu wa kawaida hana hata pa kuigusa. Baadaye zikaja sehemu zenye mlango na kuta, c-base palepale Berlin mwaka 1995, alafu Metalab kule Vienna, Austria, mwaka 2006. Utaratibu wao ni mwepesi kuuelewa: memba wanachanga ada kila mwezi, kodi ya pango inatoka humo, umeme unatoka humo, kwahiyo hakuna mtu wa nje wa kuwaambia sasa fungeni. Mwaka 2007 kundi la Wamarekani likaenda kwenye kambi kubwa ya hao wa Chaos huko Finowfurt, karibu na Berlin, wakayaona haya mambo kwa macho yao, na waliporudi kwao zikazaliwa karakana za NYC Resistor kule Brooklyn, HacDC kule Washington na Noisebridge kule San Francisco. Desemba ya mwaka huohuo, kwenye mkutano wao Berlin, Jens Ohlig na Lars Weiler wakatoa mada iliyokusanya uzoefu wote ule kama mapishi ya mtu anayetaka kuanzisha yake, na ukiyapitia unagundua karibu yote yanahusu watu. Wanasema wekeni jiko. Wanasema mtu asihamie kulala humo. Wanasema siku ya kikao iwe Jumanne, basi, msibishane, kwa sababu kila siku itakayotajwa lazima kuna mtu haitomfaa na mtabishana mpaka kundi livunjike kabla halijaanza. Mimi hilo la Jumanne nalipenda sana, nimeona makundi mazuri kabisa yakifa kwenye kupanga siku.

Sasa tuangalie upande wa pili, na hapa naomba mnivumilie nikae kidogo. Kulikuwa na kampuni inaitwa TechShop, ilianza California mwaka 2006, ikakua mpaka ikawa na matawi kumi hivi Marekani, na kwa mashine hakuna aliyewafikia, lethi ya kuchongea vyuma, msumeno wa maji ya presha, cherehani za viwandani, sehemu za kuchomelea, kila kitu. Unalipa kwa mwezi kama unavyolipa jimu. Watu walianzisha biashara zao mle ndani, mtu oda zake zote anazitengenezea pale, hana karakana nyingine. Novemba 2017 kampuni ikatangaza inafilisika na matawi yote ya Marekani yakafungwa siku ileile. Fikirieni huyo mtu. Amelipa, amejifunza mashine, ana wateja wanasubiri, na mlango umefungwa na yeye hana sauti yoyote, maana siku zote alikuwa mteja tu. Kilichofuata ndo kilichonifundisha zaidi, kwa sababu katika miji kadhaa wale wateja walitafutana wakaanza upya wakiendesha wenyewe, Maker Nexus ya kule Sunnyvale ilitokea hivyo. Ule ujuzi na ule kuzoeana havikufilisika pamoja na kampuni.

Sasa nani alipe kama si kampuni? Wafadhili, vyuo, serikali, na hapo ndo tunafika kwenye fablabu. Hizi zilitoka MIT, chuo kikuu kule Marekani, kwa Neil Gershenfeld, mwalimu aliyekuwa anafundisha somo la kutengeneza karibu kila kitu tangu 1998. Zikasambaa kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 2000, Vigyan Ashram kule Pabal India, Lyngen kaskazini mwa Norway ambako wafugaji walikuwa wanatafuta namna ya kufuatilia kondoo wao milimani, na Takoradi, Ghana, mwaka 2004, ndani ya chuo cha ufundi. Wazo ni zuri na silibezi hata kidogo, mashine zilezile kila mahali, ukichora kitu Norway naweza kukikata Ghana. Ila mashine ya leza ikiletwa kama zawadi, mrija wa leza una maisha yake, ukiisha lazima ununue mwingine na unatoka mbali, na kama karakana haina hela yake yenyewe ya kununua huo mrija basi mnabaki na sanduku kubwa limefunikwa kitambaa. Na karakana ikiwa ndani ya chuo, mlango unafungwa ofisi zikifungwa. Fundi mwenye kazi yake mchana anakuja saa ngapi sasa?

Ndo maana nawataja sana WoeLab, karakana ya Lomé, Togo. Ilianzishwa 2012 na Sénamé Koffi Agbodjinou, msanifu majengo, na mwaka 2013 palepale Afate Gnikou akaunda printa ya 3D, ikaitwa W.Afate, kwa kutumia taka za kielektroniki, yaani mota na reli za skana na printa za karatasi zilizotupwa. Angalieni tofauti yake. Printa ya namna hii ikigoma, aliyeiunda yupo, vipuri viko kwenye rundo la taka, na kijana aliyemsaidia kuifunga anajua kila skrubu inakwenda wapi. Watu wakisifia printa hii wanaongelea bei yake kuwa ndogo, mimi nasema bei ni jambo dogo, kubwa ni kwamba hamna mtu wa kumpigia simu nje ili irudi kufanya kazi.

China nitapita haraka. Karakana ya Xinchejian ilifunguliwa Shanghai mwaka 2010, watu wachache wamejichanga. Januari 2015 waziri mkuu Li Keqiang akatembelea karakana ya Chaihuo kule Shenzhen, na baada ya hapo serikali ikaanza kusukuma karakana hizi nchi nzima kwa hela nyingi. Zikaota kila kona. Nyingi ziligeuka ofisi za kampuni changa, meza, viti na kompyuta, na mimi sihesabu chumba kama karakana kama huruhusiwi kumwaga hata unga wa mbao sakafuni.

Lakini mfano unaonigusa kuliko yote ni wa Tokyo. Machi 11, 2011 tetemeko na tsunami, kinu cha nyuklia cha Fukushima kinavuja, watu wanataka kujua mtaani kwao kuna mionzi kiasi gani na vifaa vya kupimia vimeisha madukani karibu dunia nzima. Tokyo Hackerspace walikuwa na chumba tayari, meza, pasi za kuchomea, watu wanaofahamiana, hawakuhitaji kumwomba mtu ruhusa wala kuandika andiko la mradi, wakaungana na wenzao kwenye kazi ya kupima mionzi iliyokuja kuitwa Safecast. Kwa sababu vifaa vilikuwa vichache wakaamua kifaa kimoja kizunguke, wakakifungia kwenye gari, kikawa kinapima kila sekunde 5 na GPS inaandika ni wapi, na matokeo yote yakawekwa wazi yeyote ayachukue. Leo vipimo vyao vimepita milioni 100. Hiyo kazi isingeanza ndani ya wiki mbili kama ufunguo ungekuwa kwenye droo ya mkurugenzi.

Najua kuna atakayesema, ukimpa kila mtu ufunguo si watu watakatwa vidole? Ni swali la haki. Mlango na mashine ni vitu viwili. Karakana nyingi makini zinakuacha uingie, lakini lethi au msumeno wa meza hauwaki mpaka ufundishwe na memba mwenzako, na sehemu nyingine wamefunga kadi kwenye mashine yenyewe, hujafundishwa haipokei kadi yako. Na zile kubwa usizitumie ukiwa peke yako usiku, hata uwe fundi wa miaka 20.

Dada pale nyuma ameuliza kuhusu vitu wanavyoacha watu, na nafurahi ameuliza, kwa sababu hiki ndo kinachogombanisha memba kuliko hela. Mtu analeta injini, anaifungua, anapotea miezi minne, huwezi kuitupa huwezi kuitumia. London Hackspace, iliyoanza 2009, wao walikuwa na stika, unachapisha jina lako, kitu ni nini, na tarehe ya mwisho, ilisema kisiguswe mpaka tarehe hiyo. Ikipita kilikuwa cha wote. Anzeni na stika kabla hamjanunua hata drili, na tarehe iwe fupi, mwezi mmoja unatosha, anayehitaji zaidi aje mwenyewe abandike nyingine.