Bafa kwanza, madirisha baadaye

Haya jamani, ssebo na nnyabo wote karibuni, walio nyuma sogeeni mbele kidogo maana maandishi ya terminali kwenye projekta ni madogo. Leo nina jambo moja na ntalirudia mpaka likae: maandishi yenu yamo kwenye bafa, hayamo kwenye dirisha. Mtu akishalielewa hilo Vim, hii edita yetu ya kuandikia maandishi na kodi, inakuwa nyepesi, asipolielewa atahangaika nayo miaka.

Ukifungua faili, edita inasoma yaliyomo kwenye diski inayaweka kwenye memori, hayo ya kwenye memori ndo bafa, na ndo unayoyahariri, faili yenyewe haiguswi mpaka uandike :w, komandi ya kuhifadhi. Dirisha ni mahali pa kuitazamia bafa basi. Bafa moja unaweza kuitazama kwa madirisha matatu, na unaweza kuwa na bafa kumi huku dirisha ni moja tu, zile tisa hazijaenda popote, zimejificha.

Sasa naona watu, hata waliokaa na Vim muda mrefu, anafungua faili moja, anaandika, :wq ya kuhifadhi na kutoka, anarudi terminali, anaandika vim na jina la faili ya pili, akifika huko anakumbuka hajaangalia jina la fankshoni kwenye ile ya kwanza, :q tena, anarudi. Inaniuma kweli kuona hivyo, kwa sababu kila ukitoka unapoteza historia ya undo, ile ya kutengua mabadiliko (kama hujawasha undofile inayoiweka kwenye diski) na unapoteza mtiririko wa mawazo, na hicho cha pili hakuna komandi ya kukirudisha. Usitoke! Andika :e na jina la faili ya pili ukiwa humo humo ndani, ile ya kwanza inabaki kwenye orodha. Ukitaka kuiona orodha andika :ls, utaona namba, jina, na alama: % ndo uliyopo sasa, # ndo uliyotoka, h imejificha, na + ina mabadiliko hujahifadhi. Hiyo + iheshimuni sana.

Kuhama ni :b na namba, ama :b na kipande cha jina, mfano :b ripoti inatosha kama hakuna bafa nyingine yenye neno hilo. Na kwa faili mbili unazorudi rudi kati yake kuna Ctrl-^, kwenye kibodi nyingi Ctrl na 6 inafanya kazi, unaenda unarudi unaenda unarudi bila kuandika chochote, hii peke yake ingetosha kuwa mhadhara. Ikikukatalia na E37 inasema hujahifadhi, weka set hidden, inayoruhusu bafa ijifiche kabla ya kuhifadhiwa, kwenye vimrc yako, ile faili ya mipangilio ya Vim, Neovim za siku hizi zinakuja nayo tayari imewashwa.

Haya, madirisha. :sp inagawa juu na chini, :vs inagawa kushoto na kulia, kutembea ni Ctrl-w halafu h (kushoto), j (chini), k (juu) au l (kulia). Ctrl-w = inasawazisha saizi, Ctrl-w o inabakisha moja. Kufunga tumieni Ctrl-w c badala ya :q, kwa sababu Ctrl-w c inakataa kufunga dirisha la mwisho, kwa hiyo hujikuti umetupwa nje ya Vim bila kupenda.

Mnaotafsiri, na najua humu mpo, sikilizeni hii: weka Luganda kushoto na Kiswahili kulia kwa :vs, kisha kwenye kila dirisha andika :set scrollbind, ukishuka upande mmoja na mwingine unashuka nao. Kwenye laptopu ndogo ya inchi kumi na kitu madirisha mawili yanatosha kabisa, ukigawa manne unasoma maneno matatu kwa mstari, hapana, bakini na mawili na mengine yote yawe bafa zilizojificha.

Madirisha mengi na bafa nyingi yaliingia Vim toleo la 3.0, mwaka 1994. Mwaka huo huo Bram Moolenaar, Mholanzi aliyeitengeneza, alikuwa hapa kwetu Uganda, Kibaale ile ya kusini upande wa Rakai, akijitolea kwenye mambo ya maji na usafi kwenye kituo cha watoto. Ndo maana Vim ni programu ya hisani, anayeifurahia anaombwa asaidie watoto wa Kibaale, na ukiandika :help uganda unakuta maelezo yote. Bram alifariki Agosti 2023. Mimi nataka kila kijana wa hapa anayejifunza kuprogramu aisome kurasa hiyo, nchi yetu imo ndani ya edita inayotumika dunia nzima.

Vichupo (tabs) vilikuja baadaye, toleo la 7.0, 2006. Kichupo cha Vim ni mpangilio wa madirisha, si faili, kwa hiyo yule anayefungua kichupo kwa kila faili anajichosha bure.

Wa Emacs, ile edita nyingine, msikasirike, mambo ni yale yale (C-x ni Ctrl na x): C-x b kubadili bafa, C-x 2 na C-x 3 kugawa, C-x o kuhamia dirisha lingine.

La mwisho ni umeme, maana tunaishi nao. Kila bafa iliyofunguliwa ina faili yake ya swp, ya akiba, Vim inaiandikia kila baada ya herufi 200 au ukitulia sekunde 4. Stima ikikatika ukiwa na bafa tano, ukirudi fungua kila moja, utakuta neno ATTENTION, na hapo msibonyeze D kwa haraka, inafuta! Bonyezeni R, angalieni maandishi yaliyorudi, yahifadhini kwa jina lingine, linganisheni na faili ya zamani kwa vimdiff, ndo mfute ile swp.

Sasa fungueni laptopu, kila mtu faili tatu, dirisha moja, ntapita nikiangalia :ls zenu.