Kipimo Chenyewe Mmekipima?

Ndugu zangu, nianze na aibu yangu. Enzi za uanagenzi nilitumwa kutazama mota ya pampu iliyogoma. Nikapima: umeme hakuna. Nikafungua swichi, nikafungua boksi la fyuzi, nikafuata nyaya ukutani mpaka magharibi. Kesho yake fundi mmoja mzee akaichukua multimita yangu, kile kipima umeme, akaiweka kwenye mlio, ambapo hulia waya ukiwa mzima, akagusanisha ncha zake mbili. Kimya. Waya wake ulikuwa umekatikia ndani ya mpira. Umeme ulikuwepo muda wote, na mimi nilikuwa nazishika zile nyaya kwa mkono. Mungu alininusuru tu.

Sasa tupande juu kidogo. Darubini ya angani ya Hubble ilirushwa Aprili 1990, na picha za mwanzo zikatoka na ukungu. Kioo chake kikubwa, chenye kipenyo cha mita 2.4, kilikuwa kimesuguliwa kwa ustadi wa ajabu, ila ukingoni kilikuwa bapa kupita kiasi kwa takriban maikromita 2. Unywele ni mnene kuliko hapo mara nyingi. Kioo kiko angani, hukifikii. Utaanzia wapi?

Tume ya kuchunguza kosa hilo, iliyoongozwa na Lew Allen, ilianzia kwenye kiwanda kilichotengeneza kioo, Danbury, Connecticut, Marekani, kwenye chombo kilichotumika kukipima kioo kile miaka karibu 10 nyuma. Bahati, hakuna aliyekuwa amekigusa. Wakakipima. Lenzi moja ya chombo hicho ilikuwa imekaa pembeni ya mahali pake kwa milimita 1.3.

Ilifikaje pale? Nafasi ya lenzi ilipangwa kwa fimbo maalumu, na leza ilitakiwa kugonga ncha ya fimbo kupitia tundu la kifuniko chake. Kifuniko kilipakwa rangi nyeusi isiyorudisha mwanga. Karibu na tundu rangi ilikuwa imebanduka, chuma kikang'aa, leza ikagonga kifuniko badala ya fimbo. Lenzi ikagoma kufika pale "inapotakiwa", kwa hiyo mafundi wakapachika washa, vile vipete bapa vya chuma vya kuwekea boliti, za kuongezea nafasi. Washa, jamani! Chombo cha usahihi namna ile kinadai washa, na kazi inaendelea.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba vyombo vingine viwili vya kupimia viliionyesha kasoro. Vikapuuzwa, eti havina usahihi kama kile kikubwa. Kioo kikasuguliwa barabara kabisa, kwa umbo lisilo lake.

Unadhifu huo wa kosa ndio uliowaokoa. Kwa kuwa lilijulikana lilipo na ukubwa wake, Desemba 1993 wanaanga wa chombo cha Endeavour walifunga kamera mpya na vioo vidogo vilivyobeba kosa lilelile kinyumenyume. Picha zikatakata.

Multimita yangu ninayo mpaka leo, nimekuja nayo. Waya nilibadilisha. Izungusheni hapo mbele. Kila mmoja agusanishe ncha, asikilize.