Mwana hajui kuokota: mhadhara kwa akina mama, Lamu

Assalaamu alaykum mama zangu. Kabla sijasema lolote, kila aliyempakata mwana naomba ajipapase kifuani. Vikuba mmevitunga vizuri, asmini na rihani zanukia hadi hapa, lakini vimeshikwa na pini, na pini hiyo iko sawa na mdomo wa mtoto. Itoeni, tafadhali. Nangoja.

Ahsanteni. Mtoto wa wiki 2 hawezi kuokota kitu akakitia kinywani. Akimeza kitu, jueni kuna mkono uliokifikisha. Mara nyingi ni mkono wa mapenzi: kakake wa miaka 3 aona kila mtu amshughulikia mgeni huyu, naye ampa ushanga, mbegu ya ubuyu, au betri ya duara iliyotoka kwenye rimoti. Betri hiyo ikikwama kooni huanza kuunguza ndani ya saa 2. Msimgombeze huyo kaka. Mpeni nepi ashike, ila msimwache peke yake na mdogo wake hata mkienda kufungua mlango. Mkono mwingine ni wetu sisi: herini, pini ya mtandio, uzi wa shanga unaokatika usiku. Na tende ya tahniki, ile anayopakwa mtoto mchanga kinywani, ilainike kabisa, ipakwe tu.

Mtoto aliyekuwa akinyonya vizuri akakataa titi ghafla, akatokwa na udenda usiokoma, akapaliwa, akatapika damu, au pumzi ikapiga mluzi, msingoje asubuhi, mpelekeni hospitali. Wako watakaosema ni jicho la hasidi au mchango wa tumbo. Someni dua mkiwa njiani, ndani ya boti. Msimtapishe, msimtie kidole kukitafuta kitu msichokiona, na asali asipewe, hajafika mwaka. Mwambieni daktari mnachokishuku, kwani pini huonekana kwenye eksirei lakini ushanga wa plastiki aghalabu hauonekani.

Asipoweza kulia wala kupumua, hapo msaidieni pale pale mlipo. Mlazeni kifudifudi juu ya mkono, kichwa chini kuliko kifua, mpigeni kwa kiganja kati ya mabega mara 5. Kisha mgeuzeni, msukumeni katikati ya kifua mara 5. Rudieni hadi kitoke au alie, na mwingine akimbilie usaidizi. Mkono wataka mazoezi. Nina mwanasesere hapa. Bibi uliye karibu na mlango, njoo uanze wewe.